Sparta waliwashindaje Athens? Fuata hela ya wapiga makasia

Swali la msomaji: "Shikamoo mwalimu. Najisomea historia mwenyewe tu, nje ya shule, na kuna jambo la Wagiriki wa kale linanisumbua. Athens walikuwa na hela, walikuwa na meli kuliko mji wowote pale Ugiriki, walikuwa na ukuta, na wenye akili wengi tunaowasikia walikuwa kwao. Sparta walikuwa wachache na wala hawakuwa watu wa bahari. Sasa ilikuwaje Sparta wakashinda ile vita yao ya mwaka 431 mpaka 404 KK? Ni kwa sababu walifunzwa jeshi tangu watoto, au ni demokrasia ndo iliwaponza Athens?"

Marahaba ndugu yangu. Swali lako ni zuri na jibu linalotolewa kila siku, kwamba Wasparta walikuwa majemba na Waathene watu wa maneno mengi, halitoshi kabisa. Ukali wa Wasparta nchi kavu haukuamua ile vita. Walikuwa nao mwaka 431 na haukuwafikisha popote kwa miaka ishirini na kitu. Vita ile iliamuliwa baharini, na baharini kinachopigana ni mishahara, kwa hiyo Sparta walishinda pale tu walipopata mtu wa kuwalipia wapiga makasia wao, na mtu huyo alikuwa mfalme wa Uajemi, nchi ile ile ambayo babu zao wote wawili, wa Sparta na wa Athens, walipigana nayo kufa na kupona. Makosa ya demokrasia yapo na nitayasema, ila yapange yote uyajumlishe, bila fedha ya Uajemi sioni Athens wakianguka vile.

Ngoja nianze na meli yenyewe maana bila kuielewa hiyo meli hutaielewa vita. Mwaka 483 KK Athens walipata mshipa mnono wa madini ya fedha kule kwenye migodi yao ya Laurion. Wazo la kwanza lilikuwa wananchi wagawane, kila mtu aende na chake nyumbani. Kiongozi mmoja, Themistocles, akawashawishi wasigawane, wajenge meli za vita, na miaka mitatu baadaye meli hizo ndo zilizolivunja jeshi la majini la Waajemi pale Salamis. Tangu hapo Athens ikawa mji wa meli.

Meli hiyo ni triremi. Urefu wake unakaribia mita 37, nyembamba, nyepesi, mbele ina mdomo wa shaba nyeusi wa kutobolea meli ya adui, na ndani wamekaa watu 170 wa makasia katika safu tatu, wengine juu ya wengine, kila mmoja na kasia lake moja. Ukiongeza mabaharia wa tanga, mshika usukani, wapiga mishale na askari wachache wa sitaha unafika watu 200. Mpiga makasia alikuwa na vitu vyake vitatu anavyotembea navyo, kasia, kijimto cha kukalia na kamba ya ngozi ya kufungia kasia pale kwenye ubavu wa meli, na kuna wakati kikosi kizima cha maadui wa Athens kilivuka nchi kavu kwa miguu usiku, kila mtu na kasia lake begani, wakapande meli za upande wa pili waishtukize Piraeus, bandari ya Athens. Yule wa safu ya chini kabisa alikuwa haoni bahari wala adui, anasikia filimbi tu na sauti ya msimamizi, jasho la wenzake wa juu linamdondokea, na akikosea mdundo makasia yanagongana na meli inapoteza mwendo. Kwa hiyo hii ni kazi ya ufundi, haifanywi na mtu uliyemkamata jana. Wengi wa waliopiga makasia kwenye meli za Athens walikuwa watu huru, maskini wa mjini, wageni wakaazi, watu wa visiwani, na watumwa kiasi, na wote walilipwa.

Sasa piga hesabu. Mshahara ukiwa drakma moja kwa siku, watu 200 kwa siku 30 ni drakma 6,000, na drakma 6,000 ndo talanta moja. Yaani meli moja ikikaa baharini mwezi mmoja imekula talanta nzima, kilo 26 hivi za fedha. Ukilipa nusu drakma, yaani oboli 3, unakula nusu talanta. Meli 100 kwa miezi sita? Ni talanta 600 au 300, na hapo hujatengeneza meli wala hujanunua kamba. Hakuna mji wa Kigiriki uliokuwa na uwezo huo kwa mapato ya mashamba yake ya zeituni. Athens waliweza kwa sababu walikuwa wanakula hela za wenzao.

Hela hizo zilianza vizuri tu. Baada ya Waajemi kufukuzwa, miji ya visiwani na ya pwani ya Asia ikaunda umoja wa kujilinda, kila mmoja atoe meli au pesa, sanduku likawekwa kisiwa cha Delos. Miji mingi ikaona kutoa pesa ni rahisi kuliko kutoa vijana, kwa hiyo mwaka hadi mwaka wenyewe wanasahau bahari na Athens wanazidi kuizoea. Mwaka 454 sanduku likahamishiwa Athens. Parthenon, hekalu kubwa la mjini, ilianza kujengwa mwaka 447, na hata pale pale mjini kuna watu walilalamika kwamba michango ya vita inatumika kupamba mji. Atakayejitoa kwenye umoja anafuatwa na meli zile zile alizozichangia. Vita ilipoanza Pericles, kiongozi wa Athens, aliwaambia wananchi wake wana wastani wa talanta 600 za michango kila mwaka, talanta 6,000 za sarafu ziko juu kwenye Acropolis, kilima cha mahekalu katikati ya mji, meli 300 zipo tayari, na mambo yakiharibika kabisa hata dhahabu ya sanamu ya mungu wao Athena, talanta 40, inavulika. Hizi ndo nguvu unazoziulizia wewe na zilikuwa kweli.

Mpango wa Pericles ukafuata hapo hapo. Kutoka Athens mpaka bandari ya Piraeus kulikuwa na kuta ndefu za kama kilomita 6, mji na bandari vimefungwa pamoja. Ngano ya mji ilikuwa inatoka mbali, nyingi Bahari Nyeusi, upande wa Ukraine na Krimea ya leo, inapita ule mlango bahari mwembamba wa Hellespont ambao leo upo Uturuki. Basi akasema Wasparta wakija tusitoke kupigana nao shambani, watu wa vijijini waingie ndani ya kuta, mashamba yachomwe tu, sisi tutakula ngano ya meli. Na ndivyo ilivyokuwa. Wasparta wakaja, wakakata mizabibu, wakachoma nyumba, wakarudi kwao. Uvamizi mrefu kuliko wote katika miaka ile ya mwanzo ulikuwa siku 40, mwingine siku 15 tu.

Unajiuliza kwa nini hawakukaa? Hapa ndo tuwaangalie Wasparta vizuri maana sifa zao zimewafunika. Ni kweli mtoto wa kiume alichukuliwa kwao akiwa na miaka 7 akalelewa kambini na wenzake, na ni kweli nchi kavu hakuna aliyependa kusimama mbele ya ukuta wao wa ngao. Ila muda ule wa kufanya mazoezi tu walipata kwa sababu kazi ya shamba ilifanywa na Waheloti, watu waliotekwa na kufanywa watumwa wa nchi nzima, wengi kuliko mabwana zao mara kadhaa. Mwaka 464 tetemeko kubwa lilipoipiga Sparta, Waheloti waliasi na ikachukua miaka kuwatuliza. Kwa hiyo jeshi la Sparta lilikuwa kwanza la kulinda nyumbani, kulipeleka mbali miezi mingi ni kucheza na moto. Na raia kamili walikuwa wanapungua kila kizazi. Mwaka 425 Waathene waliwafungia askari wa Sparta kwenye kisiwa kidogo cha Sphacteria, wakakamata watu 292 hai na kati yao kama 120 tu walikuwa raia kamili. Unaweza kuamini Sparta waliomba amani kwa ajili ya vijana hao? Waliomba. Na Athens wakatangaza kwamba siku Wasparta wakikanyaga tena mashamba yetu tunawatoa hawa wafungwa tunawaua, na uvamizi ukakoma. Taifa ambalo watu 120 wanaweza kulifunga mikono ni taifa lenye tatizo kubwa ambalo mazoezi ya kambini hayalitibu.

Amani ile Athens waliikataa. Mwanasiasa wao Cleon alitaka makubwa zaidi na mkutano wa wananchi ukamfuata, kosa lao la kwanza kubwa kwa maoni yangu.

Kabla ya hapo kulikuwa na tauni. Mwaka 430, mwaka wa pili wa vita, mji umejaa watu wa vijijini wanaolala kwenye vibanda na mahekalu wakati wa joto, ugonjwa ukaingia kupitia Piraeus. Thucydides, ambaye ndo mwandishi wetu mkuu wa vita hii na mwenyewe aliugua akapona, anasema ulisemekana kuanzia Aithiopia juu ya Misri (kwa Wagiriki jina hilo lilimaanisha nchi za kusini mwa Misri, usilichanganye na Ethiopia ya ramani ya leo), ukashuka Misri na Libya, ukaja na meli. Kichwa kinawaka, macho mekundu, koo na ulimi vinatoka damu, kikohozi, kutapika, ngozi inatoka malengelenge, na kiu isiyokatika mpaka watu wakajitupa kwenye visima. Aliona jambo ambalo linanishangaza kila nikilisoma, kwamba waliopona ndo waliowauguza wenzao bila hofu kwa sababu ugonjwa haukumrudia mtu kwa kumuua, miaka zaidi ya elfu mbili kabla ya mtu yeyote kuongelea kinga ya mwili kwa lugha ya kitaalamu. Askari wa miguu wa daraja la kwanza walikufa 4,400, wapanda farasi 300, watu wa kawaida hawakuhesabika, na Pericles mwenyewe akafa mwaka 429. Ngano iliingia mjini kwa mlango wa bandari na maradhi yakaingia kwa mlango huo huo. Lakini angalia, hata tauni haikuwamaliza, walipigana miaka mingine ishirini na tano.

Kuhusu demokrasia, nikupe tukio moja ambalo linaonyesha ubaya wake na uzuri wake ndani ya siku mbili. Mji wa Mytilene kisiwani Lesbos uliasi mwaka 428, mwaka uliofuata ukasalimu amri. Wananchi wa Athens kwa hasira wakapiga kura wanaume wote wa Mytilene wauawe, wanawake na watoto wauzwe, na meli ikatumwa siku hiyo hiyo kupeleka amri. Kesho yake watu wakaamka roho zinawasuta, wakaitisha mkutano tena, wakajadili upya, kura zikakaribiana sana lakini huruma ikashinda. Meli ya pili ikatumwa, ya kwanza imeshatangulia mchana na usiku mzima. Wapiga makasia wa meli ya pili hawakushuka pwani kula kama ilivyokuwa kawaida, walikula unga wa shayiri uliokandwa na divai na mafuta huku wanavuta makasia, wakapokezana kulala. Ile ya kwanza, kwa vile ilikuwa inapeleka jambo la kutisha, haikuwa na haraka. Meli ya pili ikaingia bandarini wakati kamanda ameshaisoma amri na anajiandaa kuitekeleza. Mji ukapona, ingawa viongozi wa uasi waliuawa. Hiyo ndo Athens, inayoamua jambo baya jioni na kulifuta asubuhi, na wanaoiokoa ni maskini wa kwenye mabenchi ya meli ambao nao walikuwa na kura. Wanawake, wageni na watumwa hawakuwa nayo, hilo tusilifiche.

Mwaka 421 wakapatana, amani ya jina tu, alafu mwaka 415 ikaja safari ya vita ya kisiwa cha Sisilia, kusini mwa Italia. Watu wengi husema hapa ndo vita iliishia. Mimi sikubali, ila ni hasara ya kutisha na ilianza na udanganyifu wa kizembe kabisa. Mji mdogo wa Segesta kule Sisilia uliomba msaada na kuahidi utalipia gharama. Athens wakatuma wajumbe wakakague hela. Wenyeji wakakusanya vikombe vya dhahabu na fedha vyote vya mjini na vya miji jirani, wakawa wanaazimana nyumba hadi nyumba kama mtaa unavyoazimana masufuria ya harusi, kila nyumba wajumbe wanapokaribishwa wanakuta meza inang'aa, vikombe ni vile vile. Wajumbe wakarudi na talanta 60 mkononi na habari za utajiri usio na mwisho. Meli zilipofika Sisilia, zikiwa 134 na askari wa silaha nzito 5,100, wakakuta talanta zilizobaki Segesta ni 30 tu. Wamekwenda vitani ng'ambo ya bahari bila mtu wa kulipa mishahara.

Mengine yalifuatana. Alcibiades, kamanda aliyeipigia debe safari, aliitwa nyumbani ashtakiwe kwa kudhihaki ibada, akatoroka akaenda kuwashauri Wasparta. Nicias ambaye hakuitaka safari ndo akabaki kuiongoza, mgonjwa wa figo na muoga wa lawama. Usiku wa tarehe 27 Agosti mwaka 413, wanajiandaa kuondoka kwa siri, mwezi ukapatwa, waaguzi wakasema wasubiri siku 27, naye akasubiri. Bandari ikafungwa na adui, meli zikapotea zote, jeshi likakimbia kwa miguu likakamatwa. Wafungwa si chini ya 7,000 wakatupwa kwenye machimbo ya mawe ya Syracuse, mji wa Sisilia waliokuwa wanapigana nao, jua mchana, baridi usiku, maiti pembeni yao, chakula chao kwa miezi minane kibaba kidogo cha maji kama robo lita na nafaka mara mbili ya hapo kwa siku. Inasemekana wachache waliachiwa huru kwa sababu walijua kuimba mashairi ya Euripides, mtunzi wa michezo ya kuigiza wa Athens, maana watu wa Sisilia waliyapenda mno na hawakuwa na njia ya kuyapata. Sijui simulizi nyingine inayoniumiza kama hiyo katika vita nzima.

Mwaka huo huo Wasparta, kwa ushauri wa Alcibiades, wakajenga ngome Decelea ndani ya ardhi ya Athens, wakakaa mwaka mzima mzima badala ya wiki chache. Watumwa zaidi ya 20,000 wakatoroka, wengi wao mafundi, na migodi ya Laurion ikakwama. Sasa hebu niambie, Athens imepoteza jeshi, meli, hela, migodi, imefungiwa nchi kavu, washirika wanaasi. Ingetakiwa ife mwaka 412. Ilipigana miaka mingine minane! Na ilishinda mapigano makubwa. Mwaka 410 pale Cyzicus iliteketeza meli zote za Sparta, barua ya Wasparta waliobaki ikakamatwa njiani, fupi kama kawaida yao: meli zimepotea, kamanda amekufa, watu wana njaa, hatujui la kufanya. Athens wakaletewa amani wakaikataa tena.

Kwa hiyo nini kilibadilika kati ya 410 na 405? Hela, ndugu yangu.

Tangu mwaka 412 Sparta walikuwa wanasaini mikataba na Waajemi. Rasimu ya kwanza ilimpa mfalme kila nchi ambayo babu zake waliwahi kuitawala, mpaka Msparta mmoja, Lichas, akashtuka akasema jamani kwa maneno haya tunampa visiwa na nusu ya Ugiriki bara. Wakarekebisha, akabaki kupewa Asia tu, yaani miji ya Wagiriki wa pwani ile ambayo vita vya 480 na 479 vilipiganwa mpaka ikawa huru. Sparta walitangaza vita hii ni ya kuwakomboa Wagiriki. Naliona ni jambo zito na nadhani halisemwi vya kutosha pale sifa zao zinapoimbwa.

Mwanzoni liwali wa Uajemi, Tissaphernes, alikuwa analipa kwa kuvutavuta, leo drakma moja, kesho nusu, keshokutwa hakuna, maana alitaka pande zote mbili zichoke. Mwaka 407 akaja Cyrus, mtoto wa mfalme, kijana wa miaka kama 16, na talanta 500, na upande wa Sparta akaja kamanda aitwaye Lysander, mtu mwenye subira na hila. Kwenye karamu Cyrus akamnyanyulia kikombe akamuuliza nikufanyie nini ufurahi kuliko vyote. Lysander hakuomba kitu chake mwenyewe. Akasema ongeza oboli moja kwenye mshahara wa kila baharia. Mshahara ukapanda kutoka oboli 3 kwenda 4, malimbikizo yakalipwa na mwezi mmoja ukatolewa mbele. Fikiria wewe ni kijana wa kisiwani, kazi yako ni kasia, Athens wanakulipa 3 wakiwa nazo, huku wanatoa 4 mkononi. Utakuwa kwenye benchi la nani? Ufundi ule wa bahari ambao Athens waliujenga miaka 70 ulikuwa kwenye mikono ya watu, na mikono inahama.

Si kila Msparta aliipenda hali hiyo. Aliyeshika nafasi ya Lysander, Callicratidas, alipokwenda kwa Cyrus kuomba hela akaambiwa asubiri siku mbili, akasema Wagiriki tumekuwa watu wa kusikitisha kwa kujipendekeza kwa wageni kwa ajili ya fedha, na nikirudi nyumbani salama nitajitahidi kupatanisha Athens na Sparta. Hakurudi. Alikufa mwaka 406 pale Arginusae, ambapo Athens kwa juhudi ya mwisho waliyeyusha sanamu za dhahabu kutengeneza sarafu, wakapakia watu huru na watumwa kwenye meli 110 ndani ya siku 30, na kuwapa watumwa hao uhuru. Wakashinda! Sparta wakapoteza meli zaidi ya 70. Lakini dhoruba ikazuia kuwaokoa wenzao waliokuwa wanaelea kwenye meli zao 25 zilizovunjika, na wananchi kwa uchungu wakawahukumu majemadari wanane kwa kura moja ya pamoja kinyume cha sheria yao, sita waliokuwepo wakauawa, mmoja wao mtoto wa Pericles. Mwanafalsafa Socrates alikuwa kwenye kamati iliyosimamia mkutano siku hiyo, akakataa kuruhusu kura ile, hakusikilizwa. Hapa ndo nakubaliana nawe kuhusu demokrasia. Mji uliokuwa umebakiza turufu moja, makamanda wazoefu wa bahari, uliikata kwa mkono wake.

Mwaka uliofuata Lysander karudi, kalipwa, meli mpya kajenga, na safari hii hakutafuta jeshi la Athens, alikwenda kwenye koo la ngano, Hellespont. Athens ikabidi wamfuate na meli 180 wakatia nanga Aegospotami, ufukwe mtupu usio na mji wala soko, chakula lazima ukatafute mbali. Siku nne mfululizo walitoka kumkabili, Lysander hatoki, wanarudi ufukweni wanatawanyika kutafuta chakula. Alcibiades, ambaye alikuwa anaishi kwenye ngome yake jirani, alikuja akawaambia hapa ni pabaya hamieni Sestos kwenye bandari na soko, wakamjibu wenye amri sasa ni sisi. Siku ya tano meli ya upelelezi ya Sparta ikanyanyua ngao iwake juani katikati ya mlango bahari, na Lysander akavuka na meli zake zote. Baadhi ya meli za Athens zilikuwa na safu mbili tu za makasia zenye watu, nyingine moja, nyingine tupu kabisa. Kamanda mmoja wa Athens, Conon, alitoroka na meli chache. Nyingine zote zilikamatwa kwenye mchanga. Wafungwa wa Athens wakauawa, na sababu iliyotolewa ni kwamba walikuwa wameshaamua wakishinda watawakata mkono wa kulia kila watakayemkamata.

Meli iitwayo Paralus ilileta habari Piraeus usiku, na kilio kikapanda kutoka bandarini kupitia kuta ndefu mpaka mjini, mtu anamwambia mwenzake, na usiku ule hakuna aliyelala. Walikumbuka kisiwa cha Melos, ambako mwaka 416 wao ndo waliua wanaume na kuuza wanawake na watoto.

Lysander hakukimbilia kuuvamia mji. Kila Mwathene aliyemkuta kwenye miji mingine alimruhusu aende salama, lakini aende Athens tu, kwa sababu alijua midomo ikizidi njaa inafika mapema. Mwaka 404 mji ukasalimu amri. Korintho na Thebes, washirika wa Sparta, walitaka ufutwe kabisa, Sparta wakakataa, wakataka kuta zibomolewe, meli zibaki 12 na Athens iwafuate kwenye vita zao. Kuta zikaanza kubomolewa kwa nyimbo za filimbi, watu wakisema siku hiyo ni mwanzo wa uhuru wa Ugiriki.

Anayefaidi ni yule aliyelipa. Kufikia 387 mfalme wa Uajemi alitangaza amani kwa Wagiriki wote akisema miji ya Asia ni yake, na msimamizi wa amani hiyo alikuwa Sparta. Tatizo lao la watu nalo halikwisha, mwaka 371 pale Leuctra wakiwa na raia kamili kama 700 uwanjani wakapoteza 400 kwa siku moja mbele ya Thebes, na muda si mrefu Waheloti wa Messenia wakawa huru. Athens wao waliirudisha demokrasia yao mwaka 403 na ikadumu miaka mingine 80 hivi.

Kwa vile unajisomea mwenyewe, jambo la mwisho la kuzingatia: Thucydides anakatika katikati ya mwaka 411, hafiki mwisho wa vita aliyoianza. Habari nyingi za Lysander, Cyrus na Aegospotami zinatoka kwa Xenophon, Mwathene ambaye baadaye alipigana upande wa Wasparta na wakampa shamba kule Scillus karibu na Olympia. Anawajua Wasparta kwa karibu, ila anawapenda, na hela ya Uajemi haipi uzito unaostahili hata pale anapoihesabu mwenyewe talanta kwa talanta. Msome taratibu, kila anapotaja mshahara wa mabaharia simama hapo kidogo uandike pembeni ni oboli ngapi na nani ametoa.